Afishi za sinema: karatasi zenye zilitengenezwa ili zitupwe



Mwezi uliopita wandugu wa gazeti letu waliniomba niandike juu ya disiplini mu internat, sababu mimi njo kapita wa wanafunzi. Niliandika mistari mitano, kisha nikaona kama mambo ile munayajua tayari, na kengele inawakumbusha kila asubui. Basi niliomba ruhusa ya kuandika juu ya jambo lingine, na Bwana Prefe alikubali. Jambo lenyewe ni kukusanya afishi za sinema, zile za zamani na zile zenye zilichorwa kwa namna ingine. Najua kuko wenye watacheka. Kuko na wenye watauliza: kapita anatafuta nini mu sinema? Ngojeni kwanza. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kisha nitaeleza kidogo kidogo.

SIKU YA SALONGO

Mwisho wa trimestri ya pili tulifanya salongo ya depo, ile iko nyuma ya jiko. Nilipewa wavulana kumi. Amri ilikuwa moja: kila karatasi ya zamani iende mu moto, sababu muchwa walianza kupanda mu mbao za paa. Chini ya viti vya kuvunjika tulikuta sanduku ya chuma. Ndani mulikuwa kaye za kale, bahasha tupu, na chini kabisa karatasi tano zenye picha za rangi. Moja ilionyesha mutu juu ya farasi. Ingine mwanamuke mwenye kofia kubwa. Ingine motokari yenye kuanguka mu bonde. Watoto wa mwaka wa pili walianza kuzishindania. Mimi nikasema: «Hapana muchezo hapa, amri ni amri.» Nikazibeba na kuzitupa mu moto kwa mukono wangu.

Kisha majuma mawili, mu somo la desini, mwalimu alitufundisha namna ya kutengeneza tangazo lenye mutu anaweza kusoma akiwa mbali. Wakati wa kutoka nikamwambia habari ya zile karatasi, kama kitu cha kuchekesha. Yeye hakucheka. Aliniuliza:

— Zilikuwa na ukubwa gani?

— Ndogo, Mwalimu. Mutu angeweza kuiweka juu ya banki yake bila kuikunja.

— Jina la filme liliandikwa mu luga ngapi?

— Mbili, Mwalimu. Moja kifaransa. Ingine sikuijua, nilifikiri ni kijerumani.

— Na juu kabisa kulikuwa nini?

— Kipande cheupe. Mutu aliandika pale kwa mukono, kwa wino ya buluu: jina la pahali, siku na saa.

— Pahali gani?

Nikanyamaza. Jina lile nililisoma. Nililisoma kwa macho yangu mbele ya kulitupa mu moto, na mpaka leo silikumbuki.

Mwalimu hakunigombeza. Alisema tu: «Kijana, kushika amri ni vizuri. Lakini mbele ya kuchoma, mutu anasoma.» Kisha akaanza kunieleza, na siku zenye zilifuata alinionyesha picha mingi mu telefone yake. Haya ninayoandika hapa ni yale nilijifunza kwake na mu kutafuta kwangu.

1. AFISHI YA SINEMA NI KITU GANI?

Tarehe 28 desemba 1895, ku Paris, ndugu wawili wenye kuitwa Lumière walionyesha filme zao mbele ya watu wenye walilipa tike. Mwaka wenye ulifuata, 1896, afishi za kwanza za onyesho lao zilikuwa tayari mu muji. Moja ilichorwa na Henri Brispot: inaonyesha watu wengi wenye kusukumana ku mulango ili waingie. Ingine ilichorwa na Marcellin Auzolle: inaonyesha watu wenye kukaa na kucheka mbele ya ekra, na ku ekra tunaona filme yenyewe, ile ya mutunza bustani mwenye kurushiwa maji na kijana mukorofi. Kwa hiyo afishi ya sinema iko karibu na miaka sawa na sinema yenyewe.

Kazi yake ni nyepesi kueleza. Inapaswa kusimamisha mutu mwenye anapita njiani, imwambie jina la filme, na imupe tamaa ya kuingia. Wakati filme inamalizika, kazi ya afishi inamalizika pia. Juu yake wanabandika ingine, ao wanaipasua. Sikieni vizuri neno hili, sababu njo muzizi wa mambo yote: afishi ni karatasi yenye ilitengenezwa ili itupwe. Hakuna mutu mwenye aliichapa akiwaza wajukuu.

2. SABABU GANI ZA ZAMANI NI CHACHE SANA

Ku Marekani, kutoka mwaka wa 1940, kampuni moja yenye kuitwa National Screen Service ilishika kazi ya kugawanya afishi za filme nyingi. Mwenye sale ya sinema hakupewa afishi iwe yake. Alikopeshwa. Kisha filme kupita, alipaswa kuirudisha ao kuituma kwa sale ingine. Afishi ile ile ilizunguka mu miji mingi, ikibandikwa na kubanduliwa, mpaka ikapasuka. Wakati wa Vita vya Pili, karatasi nyingi zilikusanywa ili zitengenezwe upya, na afishi zilienda pamoja nazo. Munaona? Si mimi peke yangu nilichoma. Lakini kosa la wengi halifuti kosa la mumoja.

Njo maana zile chache zenye zilibaki ziko na bei ya ajabu. Mwaka wa 1927 ku Ujerumani walitoa filme Metropolis ya Fritz Lang, na afishi yake moja ilichorwa na Heinz Schulz-Neudamm. Inaonyesha mutu wa chuma mbele ya majumba marefu. Nakala nne tu zinajulikana mu dunia. Moja iliuzishwa mwaka wa 2005 kwa dola 690.000. Afishi ya filme Dracula ya mwaka wa 1931 iliuzishwa ku munada mwaka wa 2017 kwa dola 525.800. Ni karatasi, wenzangu. Karatasi na wino.

Kuko habari moja yenye ilinigusa kuliko zingine. Ku Marekani, mu jimbo la Pennsylvania, mu muji mudogo wa Berwick, walivumbua mu chumba cha chini ya paa furushi ya afishi 33 za miaka ya 1930. Zilikuwa zimegandamana, moja juu ya ingine, kwa kole ya kubandikia karatasi za ukuta. Mutu mwingine angesema: takataka. Lakini watu wenye ujuzi walizilowesha kwa mvuke na kuzibandua moja moja kwa uvumilivu. Mwaka wa 2012 ziliuzishwa ku munada, na jumla ilipita dola 500.000. Kole ile ile yenye ilionekana kama imeziharibu njo ilizilinda, sababu hakuna mutu angeweza kuzichukua na kuzitupa moja moja.

3. FILME MOJA, AFISHI MINGI

Wengi wanafikiri kama filme moja iko na afishi moja. Si hivyo. Kila inchi yenye ilionyesha filme iliweza kutengeneza afishi yake, kwa luga yake na kwa macho yake. Mukusanyaji mwenye akili hatafuti paka ile ya Marekani. Anatafuta pia zile zingine, zenye zinaonyesha namna gani watu wa pahali pengine waliona filme ile. Nitatoa mifano miwili.

Mufano wa kwanza ni Poland. Kisha vita, sinema ya kule ilikuwa mu mikono ya Serikali. Kutoka mwaka wa 1946 wakubwa wa filme waliita wachoraji wa kweli, kama Henryk Tomaszewski, Eryk Lipiński na Tadeusz Trepkowski, wachore afishi. Sababu sinema ilikuwa ya Serikali, hakuna aliyewalazimisha waweke sura kubwa ya mwigizaji ili kuvuta watu. Walichora wazo la filme. Mwaka wa 1948, ku Vienna, Tomaszewski alipata zawadi tano za kwanza mu maonyesho ya afishi ya mataifa. Mwaka wa 1968 walifungua ku Wilanów, mu Warsaw, nyumba ya kutunza afishi tu, ya kwanza mu dunia kwa kazi ile.

Mutazame mufano wa Wiktor Górka. Mwaka wa 1973 alichora afishi ya filme Cabaret, filme yenye inasimulia watu wenye kuimba na kucheza ku Berlin wakati chama cha Hitler kilianza kukomaa. Górka alichora sura ya mutu na miguu ya wachezaji. Miguu ile imepangwa namna inafanya musalaba wa kupindika, alama ya Hitler. Mutu anaona muchezo, halafu anaona hatari ndani ya muchezo. Hapo hakuna haja ya maelezo marefu.

Na afishi ya filme inaweza hata kuingia mu mambo ya inchi. Tarehe 4 juni 1989 watu wa Poland walipiga kura, na kwa mara ya kwanza tangu miaka mingi, chama cha wafanyakazi Solidarność kiliruhusiwa kushindana. Kijana mumoja muchoraji, Tomasz Sarnecki, alichukua picha ya Gary Cooper, yule sherifu wa filme High Noon. Mu mukono, pahali pa bunduki, akamutia karatasi ya kura. Juu ya nyota ya sherifu akatia alama ya Solidarność. Kila mutu mwenye alikuwa ameona filme ile alielewa: leo ni siku ya kusimama, hata kama uko peke yako mu barabara. Solidarność ilishinda.

4. WACHORAJI WA GHANA NA MAGUNIA YA UNGA

Mufano wa pili uko karibu na sisi, na mimi njo ninaoupenda zaidi. Mu miaka ya 1980, ku Ghana, kulikuwa watu wenye walinunua televizio, mashini ya video, kaseti na mashini ya umeme. Walipakia vyote mu motokari na kuzunguka mu vijiji, hata vile havina moto wa umeme. Wakifika, wanatafuta uwanja ao nyumba, wanawasha mashini, watu wanalipa na kuangalia. Lakini namna gani watu watajua leo kuko filme gani? Afishi za kuchapwa hazikuwako. Basi walienda kwa wachoraji wa matangazo, wale walikuwaka wanachora majina ya maduka na ya saluni, wakawaomba wachore kwa mukono.

Karatasi haiwezi safari kama ile. Mvua, vumbi, kamba za motokari, vyote vingeimaliza mu juma moja. Kwa hiyo walichukua magunia ya kitambaa yenye yalileta unga wa ngano, wakayafungua, wakashona mawili pamoja, na juu yake muchoraji alipaka rangi ya mafuta. Afishi ilipata urefu wa kupita metre moja na nusu. Ilikunjwa kama mukeka, ikafungwa, ikaenda kijiji kingine.

Sasa sikieni jambo la kufurahisha. Mara nyingi muchoraji hakuona filme. Aliona paka kifuniko cha kaseti, ao mwenye video alimusimulia kidogo. Yaliyobaki aliyatoa mu kichwa chake. Kama filme iko na nyoka mumoja, yeye anachora nyoka mwenye vichwa vitatu. Kama mutu anapiga ngumi, muchoraji anaonyesha na meno yenye kuruka. Filme za Marekani, za Hong Kong, za India, za Nigeria na za Ghana yenyewe, zote zilipita mu mikono yao. Kati ya wachoraji wenye kujulikana kuko Joe Mensah, Leonardo, Stoger, Heavy J na yule mwenye kusaini «Death Is Wonder».

Je, walidanganya watu? Niliwaza sana juu ya swali hili, sababu sisi tunafundishwa kusema kweli. Mwenye alilipa ili aone nyoka wa vichwa vitatu, na hakumuona, angeweza kukasirika, na angekuwa na haki. Lakini leo hakuna mutu anatazama zile afishi ili achague filme. Tunazitazama ili tumuone muchoraji: namna alifahamu woga, nguvu, uzuri na wabaya. Filme ilitoka mbali. Nyoka wa vichwa vitatu alitoka mu kichwa cha kijana wa Ghana.

Kazi ile ilianza kupunguka mwisho wa miaka ya 1990. Televizio ziliingia mu nyumba za watu, na afishi za kuchapwa zikawa za bei ndogo. Magunia mengi yalitupwa ao yalifunikia vitu vya soko. Mwenye kuuzisha vitu vya sanaa mumoja wa Los Angeles, Ernie Wolfe, alizikusanya, na mwaka wa 2000 alitoa kitabu kikubwa cha picha zao, Extreme Canvas. Tangu pale watu wa Ulaya na Marekani walianza kuzitafuta kwa bei kubwa. Kuko wachoraji wa Ghana wenye wanapata tena kazi ya kuchora afishi kwa ajili ya wakusanyaji wa inje. Ni vizuri, wanakula. Lakini ninajiuliza: sababu gani ilipaswa mugeni aje kwanza, ili gunia lionekane kuwa na mana?

5. NA SISI WA CONGO?

Musifikiri kama mambo haya hayatuhusu. Mu miaka ya 1950, ku Léopoldville, muji wenye leo unaitwa Kinshasa, vijana wa makartie waliangalia sana filme za cowboy. Walijiita Bills, ju ya Buffalo Bill. Walivaa na kutembea kama walivyoona ku ekra, wakatengeneza hata luga yao, Hindubill, yenye kuchanganya lingala, kifaransa na maneno mengine. Wazee walilalamika, na kwa mambo mengine walikuwa na haki, sababu mapigano hayakukosa. Lakini hakuna mutu anaweza kueleza ujana wa muji ule bila kusema neno juu ya sinema.

Nikirudi ku sanduku letu ya depo: mwalimu anafikiri zile karatasi zilikuwa afishi za Ubelgiji. Za kule zinajulikana mara moja. Ni ndogo, kama sentimetre 36 kwa 55. Jina la filme linaandikwa kwa kifaransa na kwa kiflamand, sababu Ubelgiji iko na luga zile. Na waliacha kipande cheupe ili mwenye sale aandike jina la sale, siku na saa.

Wengine watauliza haraka: zilikuwa na bei gani? Sijui zilikuwa filme gani, na afishi nyingi za Ubelgiji haziuzishwi kwa bei ya kutisha. Si pale kuna maumivu. Maumivu iko mu kile kipande cheupe. Picha ya farasi ilichapwa mara nyingi, na nakala ingine inaweza kuwa pahali mu Bruxelles. Lakini mustari ule wa wino ya buluu uliandikwa mara moja tu. Ulisema: hapa, mu muji fulani wa upande wetu, siku fulani, watu walikuja kuangalia filme hii. Inaweza kuwa babu wa mumoja wetu alikuwa pale. Ushahidi ule ulikuwa mumoja, na niliuchoma.

6. NAMNA YA KUJUA YA KWELI NA YA KUIGA

Kwa mwenye atapenda kazi hii, haya ni machache ya kushika:

a) Pima. Afishi ya kawaida ya Marekani ya zamani iko karibu na sentimetre 69 kwa 104. Ile ya Poland mara nyingi ni karibu 59 kwa 84. Ile ya Ubelgiji nimekwisha kusema. Kama kipimo hakifanani, uliza maswali.

b) Angalia mikunjo. Mpaka karibu na mwanzo wa miaka ya 1980, afishi nyingi za Marekani zilikunjwa mbele ya kutumwa. Alama ya kukunja si aibu. Ile ya mwaka wa 1950 yenye haina hata mukunjo mumoja inaweza kuwa ya kweli, lakini ichunguze sana.

c) Soma chini kabisa. Afishi zenye zilipita kwa National Screen Service ziko na namba ndogo. Hesabu mbili za kwanza zinaonyesha mwaka. Kama herufi R iko mbele yake, maana yake filme ilitolewa mara ya pili, na afishi ni ya mara ile ya pili.

d) Angalia wino kwa kioo cha kukuza. Ile ya kuigwa kwa mashini ya leo mara nyingi inaonyesha maandishi madogo yenye ukungu, sababu walipiga picha ya picha.

e) Gunia jipya linaweza kuchakazwa makusudi. Uliza lilitoka wapi, nani alilichora na kwa ajili ya nani. Mwenye kuuzisha kweli hachoki na maswali.

Na onyo la kapita: usibandue afishi yenye bado inatumika ku ukuta wa mutu. Ile si kukusanya. Ile ni kuiba.

7. NAMNA YA KUITUNZA

Adui wa karatasi mu inchi yetu ni wane: jua, maji, muchwa na skochi. Ya ine itawashangaza, lakini ni kweli. Skochi inageuka ya manjano, kole yake inaingia ndani ya karatasi, na alama haitoki tena. Kama afishi imepasuka, iache vile ilivyo, ao uilaze tu pamoja na kipande chake.

Ilaze ikiwa imenyooka kati ya karto mbili safi, ao uikunje kama mukeka juu ya boriti ya karto, bila kuikaza. Usiiweke chini ku udongo, wala karibu na ukuta wenye unyevu. Usiitundike pahali jua linapiga kila siku, sababu rangi nyekundu inakufa ya kwanza. Kamata kwa mikono mikavu. Wakubwa wa kazi hii wanaweka kitambaa nyuma ya karatasi kwa kole yenye inaweza kutoka na maji, lakini ile ni kazi ya fundi. Mwanafunzi asijaribu.

Kisha kazi kubwa kuliko zote, na haina gharama. Chukua kreyo, siyo biki, na karatasi ya pembeni. Andika: nilipata wapi, siku gani, nani alinipa, na yeye aliipata wapi. Afishi bila maandishi haya ni picha tu.

8. KIPANDE CHENYE KILIBAKI

Kisha mazungumzo na mwalimu, nilisimama ku mustari wa asubui nikawaambia wote kile nilifanya, na nikauliza kama kuko mwenye alificha karatasi moja siku ya salongo. Niliahidi hakuna azabu. Siku tatu hakuna mutu alikuja. Siku ya ine, mutoto mumoja wa mwaka wa pili alikuja ku chumba changu na kaye yake ya hesabu. Aliifunika kwa kipande cha afishi, na upande mweupe aliuweka inje, ili mimi nisijue. Alikuwa ananiogopa. Jambo lile pia lilinifundisha kitu, lakini nitaliandika siku ingine.

Tulifungua kifuniko polepole. Ni nusu ya chini: miguu ya farasi, mukono wenye kushika kamba, na mwisho wa jina la filme mu luga mbili. Kipande cheupe hakiko, sababu kilikuwa ku nusu ya juu. Mutoto alisema nusu ile ilibaki mu mikono yangu. Ni kweli. Mwalimu alimupa gazeti la kufunika kaye, na yeye mwenyewe mutoto aliandika kwa kreyo habari ya kipande kile: depo, nyuma ya jiko, siku ya salongo. Sasa iko kati ya karto mbili mu kabati ya mu biblioteki, na jina lake mwenye aliilinda liko juu.

Sasa maombi yangu. Likizo inakaribia. Mukifika nyumbani, angalieni mu masanduku ya wazee, chini ya vitanda, nyuma ya fremu za picha, sababu watu wengi walitumia afishi kama karto ya kufunga nyuma. Musichukue bila ruhusa. Mukikuta kitu, mukinakili mu kaye: picha, maneno, vipimo, na zaidi sana kila kitu chenye kiliandikwa kwa mukono. Muulize mzee: «Baba, filme hii muliiangalia wapi?» Kisha mukae mumusikilize mpaka mwisho, hata kama anatoka njiani. Mutuletee majibu mu mwezi wa tisa.

Mu kartie yetu kuko nyumba ya video. Ku mulango kuko ubao, na kila mutondo kijana mumoja anaandika kwa chaki filme ya siku ile. Anachora pia: bunduki, joka, ndege ya vita. Magaribi anafuta na kitambaa. Nimekwisha kupita pale mara mingi bila kusimama. Likizo hii nitasimama, nimuombe ruhusa, na ninakili michoro yake mu kaye, pamoja na tarehe na jina lake. Mimi nitakuwa nimemaliza mutihani wa Serikali na sitakuwa tena kati yenu, lakini kaye ile nitaituma ku biblioteki.

Ni mimi ndugu yenu,
Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita.